Usiilaumu Kona

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu li zima, namshukuru Mungu, lakini garimoshi langu lilianguka mara saba kwa siku moja.

Kisa kilianza muhula wa pili, chama chetu kilipotangaza maonyesho ya mambo ya kwetu Changamwe. Kila mwanachama alitakiwa kuleta kitu alichokiunda kwa mikono yake na kukieleza kwa Kiswahili. Sikusita. Nyumba yetu haiko mbali na reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896 ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Nikajiambia, "Nitaunda treni!"

Vifaa havikunisumbua. Reli niliitengeneza kwa waya nikaipigilia juu ya plaiwudi. Pande mbili zilinyooka, na kila mwisho palikuwa na nusu duara. Kutoka katikati ya duara hadi relini ni sentimita 45; plaiwudi haikuruhusu zaidi. Magurudumu yalikuwa vipande vya champali kuukuu, kila kimoja nimekigandisha kwenye kizibo cha soda ili ukingo wa kizibo uzuie gurudumu lisitoke relini. Mota niliitoa katika redio ya kaseti iliyokufa, ikaendeshwa na mawe mawili ya redio. Mabehewa matatu niliyakata kwa maboksi ya viatu, kila moja sentimita 30. Kwa nini 30? Kwa sababu rula yangu iliishia hapo! Kisha nikafunga ekseli moja mwisho huu wa behewa na nyingine mwisho ule, nikazikaza zisicheze.

Siku ya majaribio darasa lilijaa pomoni. Kwenye mnyooko treni ilikwenda shwari. Ilipoingia konani, behewa la kwanza liliinua gurudumu moja, likalala kifudifudi. Nikaliinua. Likalala tena. Mara saba!

"Bwana we, hiyo treni imelewa mnazi!" akapiga kelele mmoja, na darasa zima likaangua kicheko.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nililaumu waya, nikalaumu gundi, lakini zaidi niliilaumu ile kona.

Barazani alikuwa ameketi Babu. Alifanya kazi katika karakana ya reli tangu miaka ya 1970 hadi alipostaafu. Siku hizi ana mtoto wa jicho na vitu aviona ukungu tu. Hapa sina budi kukiri jambo linaloniaibisha hadi leo. Babu aliishia darasa la saba, nami nasoma fizikia kidato cha tatu. Juma lililotangulia alikuwa ameniuliza, "Waunda nini, mjukuu wangu?" Nikamjibu, "Babu, we hutaelewa." Hakusema neno. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za shule.

Jioni ile alisikia nikitupa boksi chini.

"Imeangukia wapi?"

"Konani, Babu."

"Hebu lete hapa. Na rula yako."

Akalipapasa behewa toka mwanzo hadi mwisho. Akailaza rula juu ya kona ya reli, ncha zake mbili zikagusa waya, akanivuta kidole akakitia kwenye pengo la katikati. Lilikuwa kama sentimita 2.5. "Sasa pima nusu ya rula." Nikapima sentimita 15 za kona kwa njia ile ile. Pengo halikupita milimita 6 na ushei. Nilipigwa na butwaa. Urefu umepungua nusu, lakini pengo limebaki robo!

"Wanisikiza?" akasema. "Behewa halikunji mgongo. Likiwa refu, tumbo lake laingia ndani ya kona, na magurudumu yake hayaifuati reli tena, yaipiga kwa upande. Yakiipiga, yaipanda. Yakiipanda, chini! Kona haina makosa. Wewe umeletea kona ndogo gari kubwa."

"Lakini mabehewa ya kweli ni marefu, Babu."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi. Akanieleza kwamba behewa refu hukalia vigari viwili vidogo vya magurudumu, kila kimoja kikizunguka kivyake, ndipo lipite. Akanieleza pia vile vichwa vikubwa vya moshi vya Garratt. Baadaye nilisoma kwamba katika miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, kiliiundia reli ya Afrika Mashariki vichwa 34 vya namna hiyo, vikapewa majina ya milima, na kila kimoja kilizidi tani 250. Kimoja, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Dude zito hivyo lilipitaje kona za reli ya upana wa mita 1 tu? Tangi la moto lilining'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikipinda kwa wakati wake.

Usiku ule nilikata mabehewa yote yakawa ya sentimita 15, yaani mara tatu ndani ya zile 45 zangu, na ekseli nikazisogeza karibu. Babu alishika, mimi nikakata.

Siku ya maonyesho nilimleta Babu nikamketisha mbele. Treni ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Hakuna aliyecheka. Babu aliinamisha kichwa akisikiliza, kisha akaninong'oneza, "La tatu lakwaruza. Litie mafuta." Nikalitazama. Kweli, ekseli yake ilikuwa imekaza!

Hatukupata zawadi ya kwanza. Lakini mwalimu aliponiuliza nani fundi wangu, nilimwonyesha Babu mbele ya watu wote. Wenzangu, wazee wetu wako barazani na elimu yao kifuani. Waulizeni mapema. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.