Kutoka Magoma Hata Nyumba ya Mungu: Maji ni Amana



Magoma iko katika bonde la mto Lwengera, wilaya ya Korogwe, baina ya milima ya Usambara ya Magharibi na ile ya Mashariki. Mwenye kusimama hapo alfajiri huiona milima imejifunika ukungu, na maji yakiteremka kwa mifereji kwenda mashambani. Maji hayo ni neema yetu, na pengine huwa ni fitina yetu. Wakati tulipokuwa tukiazimu safari hii palikuwa na jirani wawili wenye kushiriki mfereji mmoja. Wa juu alikuwa akiuziba usiku kucha, na mahindi ya wa chini yakikauka. Wote wawili husali katika safu moja, na walikuwa hawasemezani.

Safari yetu haikuwa ya kuwapatanisha. Ilikuwa ni matembezi ya vijana wa madrasa na wazee wao, kwenda kulitazama ziwa la Nyumba ya Mungu. Na yule jirani wa juu alikuwamo garini pamoja na mwanawe.

Baada ya sala ya alfajiri tuliteremka hata Korogwe, ambako Lwengera humimina maji yake katika mto Pangani. Tukashika barabara kuu ya kwenda Moshi, milima ikiwa mkono wetu wa kulia. Tukaipita Mombo, penye njia ya kupandia Lushoto, kisha Mkomazi, kisha Same na Mwanga chini ya milima ya Upare. Hapo tukaiacha barabara kuu, tukaelekea magharibi katika nchi kavu ya miiba na vumbi, hata tukaliona ziwa liking'aa mbele yetu.

Ziwa hili halikuwako zamani. Mto Kikuletwa, uletao maji ya Meru na Kilimanjaro, hukutana huko na mto Ruvu utokao upande wa ziwa Jipe. Katikati ya miaka ya 1960 mto ulizibwa kwa boma kubwa, na maji yakaenea juu ya nchi zaidi ya kilomita 100 za mraba. Makusudio yalikuwa kuyaweka maji ya masika ili yafunguliwe kwa kipimo wakati wa kiangazi, yapate kuzungusha mitambo ya umeme iliyo chini, katika Hale na katika maporomoko ya Pangani, na kunywesha mashamba. Boma lenyewe nalo lina mtambo wake wa megawati 8.

Wanawake walitandika mikeka chini ya mgunga, wakatenga chapati na chai. Vijana wakataka kuogelea. Kuogelea ni mchezo uliosifiwa katika mapokezi ya Waislamu, lakini wenyeji walitutahadharisha juu ya mamba, basi tukawaamuru wacheze mpira ukingoni tu.

Ilikuwa Septemba, na maji yalikuwa yamerudi nyuma sana. Ziwa ni pana, wala halina kina kirefu. Kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu, pwani yake huonekana kwa masafa marefu. Tope lililoachwa hukauka juu, na chini likabaki bichi. Mpira ukakimbilia huko, na mtoto wa yule jirani yetu akaufuata. Hatua ya kumi akazama hata mapajani, na kadiri alivyojitahidi kujitoa ndivyo alivyozidi kwenda chini. Baba yake akataka kumrukia. Mvuvi mmoja mzee akamshika mkono, akamwambia: “Bwana, ukienda tutawatoa wawili.” Akalaza ubao wa mtumbwi juu ya tope, akatambaa juu yake kwa tumbo, akamvuta kijana polepole hata akamtoa. Alhamdulillahi, hakupata dhara ila kupoteza viatu vyake.

Moyo ulipotulia, yule baba akauliza kwa hasira kidogo: “Kwa nini maji haya yasizuiwe yote hapa, ziwa likajaa mwaka mzima, watu wakastarehe?”

Mvuvi akajibu: “Mzee wangu, hata mimi napenda lijae. Maji yakishuka upesi, perege huacha viota vyao ukingoni, na sisi hukosa samaki. Lakini likijaa kabisa kabla ya masika, mvua kubwa ikija itawekwa wapi? Na huko chini hakuna watu? Wewe umetoka wapi?”

Akasema: “Magoma, Korogwe.”

“Basi maji yangu huenda kwenu,” akasema mvuvi, akaenda zake kwenye nyavu.

Tukatawadha kwa kopo moja moja, kwani Mtume (s.a.w.) ametukataza israfu ya maji ijapokuwa tuko penye mto upitao. Tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyoruhusiwa msafiri. Kisha mwalimu akawasimulia vijana khabari ya Zubeir bin Awwam, aliyegombana na mtu wa Madina juu ya mfereji. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume akamwamrisha anyweshe, kisha amwachie jirani yake maji. Na kipimo cha haki yake kikakadiriwa kuwa maji yafike vifundo vya miguu. Akawakumbusha pia watu wa Saba, waliopewa mabustani na maji tele, wakakosa shukrani, na gharika ikawaondolea neema yao.

Hapana aliyemtaja mtu wa Magoma, wala mwalimu hakumtazama. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa kimya, mwanawe amelala begani pake.

Siku ya tatu tulipita kando ya mashamba yale, tukaona maji yamefika katika mahindi ya chini. Hatukuuliza. Ijumaa iliyofuata tuliwaona wawili hao wakitoka msikitini pamoja, wakizungumza juu ya kuusafisha mfereji kabla ya vuli.

Basi, enyi vijana wetu, mkienda kutembea penye ziwa, waulizeni wenyeji kabla hamjatia mguu, wala msilidhanie tope kavu kuwa ni ardhi. Nanyi wazee wenye mashamba ya juu, jueni kwamba aliyetangulizwa kupata maji amewekewa amana ya walio chini yake, sawa akiwa ni mwenye funguo za ziwa kubwa au mwenye jembe moja penye mfereji. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza amana. Amin.