Friji ya Mama na Waya Mwembamba

Najua nimeadimika. Kuna rafiki aliyeniuliza kama nimeacha kuandika programu nikawa fundi wa magari, na kwa kweli hakukosea sana. Tangu Mei 2025, karibu kila Jumamosi nimekuwa chini ya gari, mikono imejaa grisi, huku tarakilishi yangu ikikaa mezani ikikusanya vumbi. Leo niwape kisa chote, pamoja na kile kipande ambacho ningependa kukificha.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka wa 1999, injini ya dizeli ya lita 3. Si gari la kujivunia. Rangi imepauka na mlango wa nyuma hufunguka ukiupenda. Nililinunua kwa sababu ya Mama. Katikati ya miaka ya 1980, kabla sijazaliwa, Mama alikuwa mwalimu Loiyangalani, pale ufuoni mwa Ziwa Turkana upande wa mashariki. Tangu astaafu amekuwa akisema angependa kuliona ziwa lile tena magoti yakiwa bado yanamruhusu kupanda gari. Basi nikamwambia, Mama, Agosti tutaenda.

Jibu lake lilikuwa moja tu. "Mwanangu, mimi nitalala popote na nitakula chochote. Lakini dawa yangu sharti ilale mahali pa baridi."

Mama ana ugonjwa wa kisukari na hujidunga insulini asubuhi na jioni. Chupa ambazo hazijafunguliwa huwekwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikiganda, ni ya kutupa. Ikipata joto kali kwa muda, nguvu yake hupungua, na ubaya wake ni kwamba huenda hutaona tofauti yoyote kwa macho. Tulikuwa tunaenda mahali ambapo nyuzi 35 ni jambo la kawaida, kwa siku nane. Kwa hivyo wakati wenzangu kazini waliponitania kwamba nanunua friji ya kubebea bia, nilicheka nao, lakini moyoni nilijua ile friji ndiyo safari yenyewe.

Wengi wakipata gari la 4x4 huanza na vitu vya kung'aa: taa ndefu juu ya paa, winchi, hema la kukunjua juu ya gari. Mimi hivyo vyote niliviruka. Nilianza na tairi, za ukubwa uleule gari lilikotoka nao kiwandani, 265/70R16, ila zenye kuta ngumu, na za akiba mbili badala ya moja. Mawe ya volkano karibu na ziwa ni meusi, yana makali, na hayamjali mtu. Kisha springi za nyuma, kwa maana uzito hujificha: lita 40 za maji ni kilo 40, betri ya pili ni kama kilo 30, tairi, jeki, dizeli ya akiba, Mama na masanduku yake (tusiyataje). Fundi wangu wa Kirinyaga Road alilitazama gari likiwa limepakiwa, akatingisha kichwa, akasema, "Bosi, hii imekalia matako." Tukabadilisha springi na shokapu siku iyo hiyo. Na pampu ndogo ya upepo, ambayo naona ni ununuzi bora kuliko vingine vyote. Kwenye zile barabara za changarawe zilizojikunja kama bati, ukipunguza upepo kutoka 35 hadi 25 hivi kwa kipimo cha PSI, gari huacha kupigapiga meno yako. Ukirudi kwenye lami unajaza tena.

Sasa tuje kwenye umeme, ambako nilijiona bingwa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Friji ndogo ya lita 35 ya volti 12 hunyonya takriban ampea 4 kompresa yake inapofanya kazi. Kompresa haifanyi kazi kila wakati. Inazima na kuwaka. Nikakadiria nusu ya muda, yaani kama ampea-saa 48 kwa siku. Betri ya pili, ya ampea-saa 100 na ya aina ya risasi, haifai kunyonywa kupita nusu mara kwa mara, la sivyo inakufa mapema. Kwa hivyo nina siku moja bila kuwasha injini. Tungekuwa tunaendesha karibu kila siku, na altaneta ingeijaza. Paneli ya sola nikaiacha. Betri ya mbele na ya nyuma nikaziunganisha kupitia rilei inayofunga yenyewe injini ikiwaka, ili friji isije ikanyonya betri ya kuwashia gari.

Halafu nikafanya kile ambacho mwandishi wa programu hawezi kujizuia kufanya. Nilichukua kidude cha ESP32, nikakiunganisha na kipima joto ndani ya friji na kipima volti, nikaandika programu ya kutuma vipimo kwenye simu yangu. Mistari 400 hivi ya msimbo. Kwenye simu kulikuwa na duara kubwa: la kijani mambo yakiwa shwari, jekundu yakiharibika, pamoja na king'ora cha kuamsha wafu. Nililipenda lile duara kuliko gari.

Nikalijaribu nyumbani kwa siku tatu. Kijani tupu! Nikamwonyesha Mama. Akasema, "Vizuri," kwa sauti ile ya mwalimu anayemwona mwanafunzi amepamba jalada la daftari.

Tuliondoka Nairobi alfajiri ya Jumatatu. Lami mpaka Isiolo, ambako tulijaza dizeli, kisha Archer's Post ambako tulilala. Siku ya pili tukapita Laisamis na kukunja kushoto. Barabara hiyo ya kilomita 208 kati ya Laisamis na Sarima ilikarabatiwa kwa ajili ya kupitisha vifaa vya mradi wa umeme wa upepo, na asiyeijua njia ya zamani hawezi kushukuru vya kutosha. Mama aliijua ya zamani. Alikuwa akinionyesha mabonde ya mchanga na kunihesabia siku walizokwama. Tulilala South Horr, chini ya miti, na siku ya tatu tukapita kwenye ile mitambo 365 ya upepo, megawati 310, iliyoanza kulisha gridi ya taifa mwaka wa 2018. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha ziwa likatokea, la kijani, na akaniambia nisimamishe gari.

Hapo sitasimulia. Ni mambo yake.

Siku ya nne hatukuendesha kabisa. Mama alipata watu wawili waliomkumbuka, mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, sasa ni mzee mwenye wajukuu. Mimi nilishinda kivulini nikitazama duara langu la kijani. Asubuhi ya tano, saa kumi na mbili na nusu, Mama alikwenda kuchukua dawa. Nikasikia akiniita, bila kupaza sauti.

"Njoo ushike hii."

Chupa ilikuwa na uvuguvugu. Friji ilikuwa imezimika, imejizima yenyewe kama inavyotakiwa betri ikiisha. Nikatazama simu: duara la kijani. Ndipo nikafungua vipimo vyenyewe vilivyokuwa chini ya lile duara. Ndani ya friji, nyuzi 19. Kimekuwa kikipanda tangu saa sita usiku, na programu yangu ikikiandika kwa uaminifu mkubwa bila kumwambia mtu.

Wasomaji mnaoandika msimbo, naomba mnisikilize kwa huruma. Nilikuwa nimeandika kwamba king'ora kilie joto likipita nyuzi 8 NA volti za betri zikiwa chini. Niliweka "na" kwa sababu nilipokuwa nikijaribu, king'ora kililia kila nilipofungua mfuniko, kikaniudhi. Na zile volti nilikuwa nikizipima kwenye betri ya mbele, kwa kuwa ndiko kulikuwa na nafasi ya kufunga kidude. Betri ya mbele ilikuwa na volti 12.7, mzima kabisa. Ya nyuma ilikuwa maiti. Lile jaribio la nyumbani nalo lilikuwa la bure: usiku wa Nairobi wa Julai una baridi, na friji karibu haikuwa na kazi ya kufanya.

Nilimpigia simu mfamasia wake Nairobi, mikono ikitetemeka. Aliniuliza joto limefika ngapi, kwa muda gani, na jina la dawa lilivyoandikwa kwenye chupa. Akasema dawa ya aina ile ikikaa chini ya nyuzi 30 hutumika kwa siku 28, tuandike tarehe ya leo kwenye chupa zote na tuhesabu kuanzia hapo. Lakini akaongeza, msiiache ichemke mchana. (Kila aina ina masharti yake. Ulizia yako, usichukue yangu.)

Mchana ulikuwa unakuja. Niliwasha injini nikapima kwa mita. Mbele volti 14.2, nyuma 12.9. Volti 1.3 zilikuwa zinapotelea njiani, na njia yenyewe ilikuwa waya wangu. Nilikuwa nimetumia waya wa milimita 2.5 za mraba, kwa sababu nilikuwa nao nyumbani, umebaki kwenye kazi ya soketi. Mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.07. Pitisha ampea 18 humo na volti 1.26 zinageuka joto. Betri ya risasi inahitaji volti 14 na ushee ili ijae sawasawa, kwa 12.9 ilikuwa ikilambishwa tu. Tangu Nairobi ilikuwa ikipungua kila siku kidogo, na siku moja ya kukaa ndiyo iliyoimaliza. Hesabu hii ni ya dakika mbili. Niliijua tangu kidato cha tatu. Nilitumia wiki tatu kuchagua rangi ya kijani.

Mama hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amelowesha leso, ameitia dawa kwenye mkebe wa plastiki wenye mfuniko, ameuzungushia ile leso mara nne na kuutundika kivulini upande upepo unakotokea. Na upepo wa Loiyangalani, mwenye kuufikia anaujua. "Tulikuwa tukiweka siagi hivi," akasema. "Leta maji kila ikikauka."

Nilitoa kipima joto changu kwenye friji nikakiingiza mkebeni. Saa nane mchana, nje nyuzi 35, ndani ya mkebe 25. Maji yakikauka huchukua joto, na hewa ikiwa kavu yenye upepo hukauka upesi, hakuna uchawi. Kazi yangu ya siku mbili zilizobaki kule ikawa kumwagilia leso maji kila saa, kazi ambayo hata programu ya mistari 400 haikuweza.

Niliporudi nilisoma kwamba mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la MSF walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili hili. Walichukua joto la nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaiweka insulini humo kwa majuma manne. Ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa kwenye friji. Nilifarijika, lakini asubuhi ile sikulijua hilo, na nilikuwa nimebeba dawa ya mamangu.

Basi Jumamosi zilizofuata zilienda hivi. Waya sasa ni wa milimita 16 za mraba, na hasara njiani imeshuka hadi volti 0.2. Fyuzi ziko mbili, kila moja karibu kabisa na betri yake, maana waya mrefu unaopita chini ya gari ukichubuka bila fyuzi, betri zote mbili zitasaidiana kukuchoma. Kipima volti kimehamia nyuma, pale friji inapochomekwa. "Na" imekuwa "au", ila joto lazima lipite kiwango kwa dakika 20 kabla ya king'ora kulia, ndipo mfuniko usinisumbue. Duara nimelifuta. Simu inaonyesha namba mbili tu, joto na volti, kwa herufi kubwa ambazo Mama anazisoma bila miwani.

Kisha nikalipeleka gari Magadi, si bustani ya nyumbani, nikalala huko usiku mbili na friji imejaa chupa za maji, injini nimewasha saa mbili tu kwa siku. Nyuzi 5, muda wote. Usiku wa pili nilikata waya wa friji kwa makusudi nikalala. King'ora kiliniamsha saa tisa kasorobo, na mbwa wa jirani pia.

Paneli ya sola nitaifunga mwezi ujao na nitawaeleza ilivyokwenda. Mama ameshaanza kuulizia Sibiloi. Nilimwambia barabara ya kuendelea kaskazini si kama ile tuliyoizoea, na kwamba nataka kwanza kulijaribu gari tena. Akasema nilijaribu tu, yeye leso anazo mbili.