Ngoma ya Katindo

Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe meusi. Mawe hayo yalitoka tumboni mwa mlima Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka, moto ukashuka mpaka ziwani, ukateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pamoja na maduka na nyumba nyingi. Moto ulipopoa, watu walirudi. Walivunja mawe yale kwa nyundo, wakajenga kuta za nyumba mpya.

Katika mji huo kuna mtaa uitwao Katindo. Kwa miaka mingi palikuwa na kambi kubwa ya askari, na nje ya kambi walikaa raia. Askari walitoka pande zote za Kongo, na tangu wakati wa Wabelgiji lugha yao ilikuwa Kilingala. Raia walisema Kiswahili. Watoto wakikutana njiani na madumu yao ya maji, walichekana kwa ajili ya lugha. Watu wazima walisema, ni mchezo tu. Lakini mchezo wa kuchekana huuma kama jiwe la volkano chini ya mguu usio na kiatu.

Mwaka 2013 habari njema ilienea mjini. Mwisho wa Agosti lingefanyika tamasha kubwa la muziki, jina lake Amani, katika shule ya Mwanga. Waimbaji wangetoka nchi za mbali, na vijana wa Goma nao wangeimba. Jukwaa lilikuwa moja, na vikundi vya vijana havikuhesabika!

Tuseme basi kwamba pale Katindo palikuwa na vikundi viwili. Majina yao hayana haja, maana vijana wa namna hiyo walikuwa wengi. Kikundi cha kambini kilikuwa na mpiga ngoma hodari wa miaka 14, mwana wa askari. Kikundi cha raia kilikuwa na mwimbaji, mwana wa mama muuza makaa. Mwimbaji huyo alikuwa na kigugumizi. Akisema, maneno yalimkwama kooni. Akiimba, yalitiririka kama maji ya mvua juu ya bati. Ni jambo la ajabu, lakini wenye kigugumizi wengi wako hivyo.

Mpiga ngoma alijua kumwigiza. Kila walipokutana alianza, “Mu-mu-mu-muimbaji!” na wenzake waliangua kicheko. Mwimbaji hakujibu. Angejibuje? Alirudi nyumbani akaimba peke yake nyuma ya magunia ya makaa, naye aliapa moyoni kwamba kikundi cha kambini hakitapanda jukwaani kabla yake.

Mwezi wa Agosti mizinga ililia kaskazini ya mji, na makombora mengine yakaanguka mjini kwenyewe. Tamasha liliahirishwa. Vijana waliokuwa wamejizoeza miezi mingi waliweka ngoma zao chini ya kitanda. Mwezi wa Oktoba jeshi lilipanda kuelekea Kibumba, na baba wa mpiga ngoma alikuwa mmoja wao. Siku zilipita bila habari zake. Mpiga ngoma hakupiga tena, wala hakucheka mtu.

Tarehe 5 Novemba vita ile ilikwisha, na siku mpya za tamasha zikatajwa. Sasa kikundi cha raia kilikuwa na shida. Ngozi ya ngoma yao ilipasuka, na ngozi mpya ni fedha. Mwalimu wa kwaya ya parokia aliwaambia, “Nendeni kambini mkaombe.” Wote walitazamana. Mwisho akaenda mwimbaji mwenyewe, mwenye sababu nyingi kuliko wote za kukataa.

Alimkuta mpiga ngoma amekaa mlangoni, ngoma yake imegeuzwa kuwa kiti.

“N-n-ngo...” alianza, akakwama.

Mpiga ngoma alingoja. Hakumwigiza. Mwisho akasema, “Ngoma naweza kukupa, ndugu. Lakini baba hajarudi. Mimi sina moyo wa kupiga.”

“Kuja tu,” akasema mwimbaji. Maneno hayo mawili yalitoka bila kukwama.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa mabaya kabisa. Mpiga ngoma alizoea kupiga kwa nguvu, ili kikundi chake kisikike kuliko vingine. Mwimbaji alipandisha sauti ili amshinde. Mwalimu alicheka mpaka akatoa machozi. “Ninyi wawili mnagombea wimbo kama mbwa wanaogombea mfupa,” akasema. Ni kweli, mwimbaji hawezi kumshinda mpiga ngoma bila kuharibu wimbo wake mwenyewe. Iliwapasa kusikilizana, na jambo hilo liliwachukua majuma matatu.

Baba alirudi Desemba, mkono umefungwa bandeji. Siku hiyo ngoma ilisikika mpaka barabarani.

Halafu ikafika siku ya kujaribiwa mbele ya waamuzi. Kila kikundi kilipaswa kwanza kutaja jina lake. Hapo ndipo mwimbaji alipoogopa tangu mwanzo. Alisimama mbele, akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Watu wakaanza kunong’ona. Ndipo nyuma yake ngoma ikalia taratibu, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayepiga hodi. Mwimbaji alishika mapigo hayo, akaliimba jina la kikundi, kisha jina la mtaa wao, na bila kupumzika akaingia katika wimbo.

Waamuzi hawakuwachagua. Vikundi vingine vilikuwa bora, nao walikiri hivyo wakati wa kurudi nyumbani.

Tamasha la Amani lilifanyika tarehe 14 hadi 16 Februari 2014. Kiingilio kilikuwa dola 1. Kwa siku hizo 3 walifika watu 25,000 hivi, katika mji uliokuwa umekimbiwa mara nyingi. Vijana wetu walisimama katikati ya umati, mpiga ngoma akipiga dumu tupu la maji.

Jumatatu asubuhi mwimbaji alikwenda tena mlangoni kambini.

“Yaya,” akasema, “kuna mchinja nyama aliye na n-ngozi ya mbuzi.”

“Anataka ngapi?”

“Twende tu-tumuulize.”

Wakaondoka pamoja, wamebeba ngoma ile iliyopasuka.