Bao la Rumonge

Watu wengi wakisikia jina la Rumonge hufikiri mawese na ndagala tu. Si ajabu, maana msafiri atokaye Bujumbura kwenda kusini, mwendo wa kilometa zipatazo 75, huona michikichi mkono wa kushoto na ziwa mkono wa kulia mpaka achoke. Lakini mimi, niliyezaliwa huko, nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za mchezo wa wazee, ambao vijana wa siku hizi wanaupita njiani bila hata kugeuza shingo.

Kwanza yafaa nieleze kwa nini wavuvi wapate nafasi ya kucheza. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Samaki huifuata nuru, na wavu huinuliwa chini yao. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa haina kazi, na vyombo hupumzishwa ufuoni siku kadhaa. Siku hizo ndizo za bao. Vijana walishindana kuogelea na kupiga kasia, nao wazee waliketi chini ya mwembe, wakachimba mashimo mchangani kama ubao haupo. Kete zetu zilikuwa kokwa za chikichi. Katika kijiji chenye mawese, nani atanunua kete?

Mashimo ni 32, safu 4 za mashimo 8 kila moja, na kete ni 64. Hapo ndugu zetu wa pwani ya Bahari ya Hindi, Waganda wenye omweso, Wanyarwanda wenye igisoro, na sisi Warundi wenye urubuguzo, sote tunapatana. Mabishano huanza mkono unapoingia shimoni. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete chache ubaoni na nyingine mkononi, akaziingiza moja moja. Hiyo ni namua. Zikiisha mkononi, mtaji huanza. Tena lina nyumba, lina kichwa na kimbi, na sheria nyingine ambazo mtu aweza kuzeeka hajazimaliza. Urubuguzo wetu ulikuwa mfupi wa maneno: kete zote zimo ubaoni tangu mwanzo, nne nne katika safu ya nyuma, kisha kazi. Nao ni mkali zaidi. Mswahili hula shimo la mbele la mwenzake tu, na la nyuma hubaki salama. Kwetu huliwa la mbele na la nyuma pamoja.

Tofauti hii nisingeiona kuwa kitu kama asingekuja jirani yetu mmoja mwaka 2009. Mzee huyu alikimbia mwaka 1972, machafuko yalipozuka Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili na mauaji yakaenea nchi nzima. Alivuka ziwa kijana, akaishia Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora, akarudi na mvi, wajukuu wasiojua Kirundi vizuri, na ubao wa bao wa mti mweusi. Sisi watoto tulimwita Babu Mtanzania. Alipofika alikuta shamba la baba yake lenye michikichi likilimwa na mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa babu yangu.

Babu hakulinyang'anya. Alipewa na wakubwa wa wakati ule, akapanda michikichi mingine, akasomesha watoto kwa mafuta yake, na mimi nikiwamo. Basi nani mwenye haki? Mashauri ya namna hii yalijaa Rumonge. Nyumba nyingine watu hawakusalimiana, na nyingine walishikiana mapanga. Wazee wetu wawili walipeleka shauri lao kwenye tume ya ardhi, na walipokuwa wakingoja waliketi chini ya mwembe ule ule, kila mwezi mpevu, wakacheza. Neno la shamba halikutajwa.

Walipatana kucheza mara moja kwa Kiswahili, mara moja kwa Kirundi. Jioni moja, katika zamu ya Kirundi, babu alitua penye kete na akakomba mashimo mawili ya mwenzake. Babu Mtanzania, aliyezoea ya kwao, akamshika mkono.

"Mzee mwenzangu, hizo za nyuma waziacha."

"Kwetu hapa, cha nyuma nacho huliwa," babu akajibu.

Yule akauachia mkono polepole. "Ni kweli," akasema. "Nimeona."

Watazamaji wote tulinyamaza. Babu alizishika kete zile muda mrefu, kisha akazipanda kama sheria inavyotaka, mchezo ukaendelea. Sikumbuki nani alishinda. Nakumbuka kwamba usiku ule babu hakula chakula, na kwamba juma lililofuata alimwita mjomba wangu, wakaenda shambani wakiwa na kamba ya kupimia. Waligawana sawasawa, kila upande na michikichi mizee na michanga. Mjomba alikasirika mwaka mzima, na bado sidhani kwamba amepoa.

Babu alifariki mwaka 2017. Mwembe nao haupo tena: mwaka 2024 ziwa lilipanda mno, maji yakaingia katika nyumba za ufuoni, na mahali tulipochimba mashimo pakawa pa mitumbwi. Babu Mtanzania amehamishia ubao wake juu, kwenye mpaka wa shamba, chini ya mchikichi uliopandwa na babu. Nilipokwenda likizo aliniita nikae upande wa pili. Alinifunga mara tatu, mbili kwa Kiswahili na moja kwa Kirundi, na katika ile ya Kirundi alikula za nyuma bila kuniuliza.