Joto, Salfa na Spidi

Vijana wa Masasi wakiniletea laptopu ya gemu, ombi lao huwa moja: "Dada fundi, nipandishie spidi." Wameona kwenye video mtu anasogeza alama kwenye skrini, fremu zinapanda papo hapo, wakaamini dawa ni hiyo. Programu ya kufanya hivyo ninayo na nimeitumia. Lakini sehemu kubwa ya kazi yangu, hapa Mkuti mjini Masasi na kule Newala, imekuwa kurudisha spidi ambayo mashine ilinunuliwa nayo ikaipoteza njiani. Nalishikilia hili kwa nguvu kwa sababu pesa iliyonunua laptopu hizi ni ya korosho, na korosho ni jasho la nyumba nzima.

Ufundi niliupata Kariakoo, kwenye meza ya fundi wa simu na laptopu. Alinifundisha kuchomea, kufuata njia ya umeme kwenye bodi, na kutoamini maandishi yaliyobandikwa juu ya chaja. Habari za salfa hakunifundisha, maana Kariakoo hakuna mikorosho ya kupulizia. Hizo nilizikuta nyumbani.

Kuanzia Mei na Juni, mikorosho inapoanza kutoa maua, wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba hupulizia salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Hupuliziwa alfajiri, upepo haujaamka na umande bado uko kwenye majani, ili unga ushike. Mwenye bomba mgongoni hurudi nyumbani na salfa kwenye nguo, kwenye viatu, kwenye nywele. Mifuko iliyobaki huwekwa ndani isilowe. Mara nyingi chumba hicho ndicho anacholala kijana, na laptopu yake iko kitandani, feni ikivuta hewa kwa chini.

Ukifungua mashine ya namna hiyo, feni kwa juu inaweza kuonekana safi. Uchafu wenyewe uko nyuma yake, pale inapopulizia kwenye mapezi ya kupoozea. Hapo unakuta utando mzima: vumbi jekundu la barabara ya kupanda Newala, nyuzi za blanketi, na salfa iliyoganda rangi ya haradali. Ukiupenyezea ncha ya kibanio unatoka kipande kimoja, kwa umbo la mapezi yenyewe. Paipu za shaba nazo zimepiga weusi, kwa sababu salfa na shaba hazikai pamoja kwa amani, na joto huharakisha ugomvi wao. Nimeona paipu nyeusi hivyo kwenye mashine ambazo hazijatimiza mwaka.

Ila sianzi na bisibisi. Naanza kwa kupima. Nawasha programu ya vipimo, HWiNFO, naiachia gemu ambalo mwenyewe amelilalamikia, GTA V au la mpira, kisha naangalia mambo matatu: nyuzi joto, gigahezi na wati. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa ukomo wa nyuzi 100. Zikikaribia hapo zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Mashine yenye tatizo la joto huanza vizuri, gemu linateleza dakika chache, halafu linaanza kukatakata. Inayokuwa nzito tangu sekunde ya kwanza, ikiwa bado ya baridi, hiyo ina jambo jingine. Pengine ina ramu kipande kimoja wakati nafasi ziko mbili, na kipande cha pili kitaifaa kuliko ujanja wowote. Pengine bado ina diski ngumu ya kuzunguka.

Au ni chaja. Hili nalirudia kwa kila mteja. Laptopu iliyotengenezewa chaja ya wati 180 inaletwa na ya wati 65 yenye kichwa kinachoingia vilevile. Inawaka, inachaji taratibu, mwenyewe anaridhika. Kumbe bodi imeitazama chaja ile, haikuitambua, ikaiamuru prosesa ishuke mpaka megahezi 800 isije ikavuta umeme usiokuwepo. Joto nyuzi 50, feni kimya, gemu linatambaa. Mashine hii ukiipandishia kasi hakuna kitakachobadilika. Inataka chaja yake tu.

Watu wetu wameuzoea umeme kuwa mshitakiwa wa kila kitu. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea mtambo wa gesi ya Mnazi Bay, na taa kufifia jioni haikuwa ajabu. Lakini chaja ya kawaida ya laptopu inapokea volti 100 hadi 240, hivyo volteji ikiteremka kidogo yenyewe hufidia. Umeme ukikatika kabisa ndipo laptopu ya gemu inapopungukiwa, kwa kuwa betri haiwezi kutoa wati nyingi kama chaja. Na betri iliyochoka huumiza hata chaja ikiwa imechomekwa, maana baadhi ya mashine hukopa kwenye betri gemu linapokuwa zito.

Msimu wa korosho wa 2017/2018, bei za mnadani zilipopita shilingi 3,500 kwa kilo, nilihamia Newala kwa muda, malipo ya wakulima wa chama cha ushirika cha TANECU yalipoanza kuingia kwenye akaunti. Mji ulichangamka: bati mpya, pikipiki mpya, na laptopu za gemu zilizopandishwa kutoka Dar na vijana waliotumwa na wazee wao. Jioni moja alifika mzee na mpwa wake. Kwa Wamakonde neno la mjomba ni zito, na kijana alisimama nyuma yake kimya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu anasema mashine inataka kuongezwa nguvu. Mimi nimeuza korosho, nimenunua yenye nguvu. Hiyo ya dukani imekwenda wapi?"

Sijapata kuulizwa swali la kifundi zaidi ya lile na mteja yeyote. Niliwasha vipimo mbele yao: nyuzi 99, kasi gigahezi 2.3, kwenye prosesa ya i7-7700HQ iliyoahidiwa kufika 3.8. Nikafungua, nikautoa utando, nikafuta kwa spiriti pesti ya joto iliyokauka, nikapaka mpya, nikafunga. Tukarudia gemu lilelile: nyuzi 82, gigahezi 3.4. Mzee aliniomba nimwonyeshe ipi ni namba ya joto na ipi ya kasi, akazitazama kwa muda.

"Kwa hiyo hujaongeza kitu?"

"Sijaongeza, baba. Nimeizibua ipumue."

Kijana bado alitaka ile ya kwenye video, na alistahili jibu kamili. Nilimweleza kwanza kwamba prosesa yake Intel wameifunga kizidishi cha kasi. Za kizazi kile zilizoachwa wazi kwenye laptopu ziliishia na herufi HK, kama i7-7820HK. Kisha nikamwandikia hesabu nyuma ya risiti. Umeme unaogeuka joto hufuata kasi, mara volteji, mara volteji tena. Pandisha kasi asilimia 10, ikidai na volteji ipande asilimia 10, joto linaongezeka kama asilimia 33. Mwenye kompyuta ya mezani atanunua feni kubwa. Mwenye laptopu feni ni zilezile, na mara nyingi prosesa na kadi ya grafiki hugawana paipu zilezile, kwa hiyo unachompa mmoja unamnyang'anya mwenzake. Hapo uko Newala penye baridi. Teremka Masasi mwezi wa Novemba, mvua hazijaanza, chumba cha bati kimeiva tangu saa nne asubuhi, na hewa inayoingia kwenye feni imeshapata moto.

Nilichomfanyia ni kinyume chake. Kwa programu ya ThrottleStop niliishushia prosesa milivolti 80, kasi nikaiacha kama ilivyo. Joto likapungua tena na gigahezi zikatulia bila kuyumba. Naipenda kazi hii kuliko nyingine zote za meza yangu: haina gharama ya kifaa na inarefusha maisha ya mashine.

Ndiyo maana niliumia Desemba 2019. Watafiti wa vyuo vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza udhaifu waliouita Plundervolt: mvamizi aliyekwisha kuitawala kompyuta angeweza kuchezea volteji akavuruga sehemu ya siri ndani ya prosesa za Intel. Watengenezaji wakafunga mlango huo wa kubadili volteji kwa sasisho za BIOS, na laptopu nilizokwisha kuzipooza zikarudi mezani zikiwa na joto upya. Naelewa sababu ya kufunga. Bado naamini mwenye mashine angeachiwa achague, kwa sababu kijana anayecheza mpira chumbani kwake Mkuti hana siri ya kuibiwa kwa njia ile, na joto analo kila siku.

Kupandisha nako nimekubali, pale vipimo viliponiruhusu. Kuna kijana Newala anayehariri video za harusi na za unyago. Mashine yake ina kadi ya grafiki isiyovuka nyuzi 70 wakati wa kipupwe, ule upepo wa bondeni Ruvuma unapopanda ukingo pale Shimo la Mungu na kuingia madirishani. Nafasi ilikuwepo, na kila dakika aliyosubiri video imalizike ilikuwa pesa. Nilitumia MSI Afterburner, nikaongeza megahezi 25, nikaipa kazi nzito, nikaongeza 25 nyingine. Madoa ya rangi yalipoanza kumetameta kwenye picha nilirudi nyuma hatua mbili, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha kabla sijamkabidhi.

Alipata asilimia chache tu, nami nilimwambia hivyo kabla hajalipa. Kwenye programu nilimhifadhia mipangilio miwili. Namba 1, yenye kasi ya ziada, anaitumia Juni hadi Agosti. Namba 2, ya kiwandani, anairudisha Oktoba joto linapoanza, na kila anapofanya hivyo hunitumia picha ya vipimo kwa WhatsApp nimthibitishie.