Nani Mwenyeji wa Kilombero?

Msafiri atokaye Kidatu, akiisha kupita mashamba ya miwa na mpunga, hufika Kibaoni. Hapo njia hugawanyika: moja yaenda Ifakara mjini na kuvuka mto hata Mahenge, nyingine yashika upande wa Mlimba. Ukiketi kivulini utasikia lugha nyingi. Pengine utasikia na ugomvi wa shamba au malisho: “Ninyi wageni tu, rudini kwenu!”

Je, mwenyeji wa bonde hili ni nani?

Wandamba, watu wa mtumbwi na samaki, walikuwako kwanza. Wambunga walikuja nyuma yao, na safari yao ina chanzo cha mbali. Vita vya Shaka, mfalme wa Wazulu, vilisukuma makundi ya watu kutoka Afrika ya Kusini. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835. Kundi jingine, la Wamaseko, lilifika mpaka nchi ya Songea. Kila walikopita waliteka vijana na kuwafanya askari, hata wengi walioitwa Wangoni hawakuwahi kuiona nchi ya Shaka. Kisha Wangoni wakapigana wao kwa wao. Katika miaka ya 1860 hivi, kundi lililoshindwa likaelekea kaskazini mpaka Kilombero. Hao ndio Wambunga.

Tusifiche neno: walikuja kwa mkuki, na Wandamba waliteseka. Lakini mpunga na mto viliwafunza maisha mengine. Wakalima, wakaoana na jirani zao. Kizulu hakikubaki vinywani mwao. Kimbunga cha leo ni ndugu wa lugha za hapa.

Mambo hayo yalitokea Ulaya pia. Zamani watu wa Norwei na Denmark, waitwao Waviking, walisafiri kwa merikebu wakiteka nyara pwani za watu. Mwaka 911 mfalme wa Ufaransa alimpa mkuu wao, Rollo, nchi iitwayo leo Normandy. Rollo akabatizwa, na wajukuu wa wale maharamia wakawa wakulima wasemao Kifaransa.

Sasa sikilizeni. Tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, Wambunga na Wapogoro waliishambulia pamoja boma ya Wajerumani huko Mahenge. Bunduki za bombom ziliwaua wengi sana. Ilikuwa yapata miaka arobaini tu tangu Wambunga wafike. Waliokuja kama wageni wenye mkuki walikufa wakiigombea nchi hii kama wana wake.

Basi, mambo ya mipaka ya shamba na malisho yaamuliwe kwa haki na sheria, wala ng’ombe wasiingizwe katika mpunga wa mtu. Lakini lile neno “rudini kwenu” tuliache. Jioni ya leo mwulize babu: sisi tulifika hapa kwa njia gani? Wengi wetu tutaona kwamba nasi tulipita Kibaoni tukiwa na mzigo kichwani.