Sine die ni tarehe ngapi?

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni karatasi fupi ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Iliandikwa kwa Kiingereza: chuo kimefungwa sine die, na wanafunzi wote waondoke kabla ya jioni. Nilipofika nyumbani nilimsomea mama tangazo lile. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo sine die ni tarehe ngapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa Kilatini, maana yake ni "bila siku", basi. Kiingereza kiliyapokea maneno hayo kupitia mahakama za kale za Uingereza, na huko, ajabu, yalikuwa habari njema: mshtakiwa aliyeshinda kesi aliambiwa aende zake bila siku, yaani hakupangiwa siku nyingine ya kurudi mbele ya hakimu. Hata leo Bunge la Marekani huahirishwa sine die kikao cha mwaka kinapokwisha, wala hakuna anayeachwa gizani, kwa kuwa katiba yao imekwisha kuweka siku ya kuanza tena: tarehe 3 Januari, isipokuwa sheria itaje nyingine.

Kwetu hakuna katiba iliyotuwekea siku ya kurudi darasani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, kikafunguliwa Oktoba 1983. Aliyerudi kijijini kulima huku akisubiri angemdai nani, na kwa karatasi ipi? Tarehe ikishatajwa, aliyeitaja anaweza kuulizwa, Kilatini hakiulizwi. (Sisi tulizoea kuyatamka "saini dai", tukitaniana kwamba hakuna aliyesaini, wala hatukuwa na la kudai.)

Miaka mingi baadaye niliketi katika kamati iliyoletewa rasimu ya tangazo la kuahirisha mitihani. Sine die ilikuwamo, katika mstari wa kwanza. Niliomba tangazo liandikwe kwa Kiswahili, neno kwa neno. Katibu akaandika: "Mitihani imeahirishwa bila siku." Wajumbe wakaisoma, wakatazamana. Mwenyekiti akasema sentensi kama hiyo haiwezi kutoka ofisini kwake ikiwa na saini yake. Tukakaa pale hadi magharibi, kalenda ikiwa mezani, na tulipoinuka tangazo lilikuwa na tarehe.